Kidole Kimoja Chini ya Plasta

Ilikuwa katika miaka ile ya ruksa, maduka ya Tukuyu yalipoanza tena kunukia sabuni, ndipo Hosea wa kidato cha nne alipotuhumiwa kuiba kitu ambacho hakuna binadamu aliyekiiba.

Ieleweke mapema kwamba Hosea hakuwa malaika. Wote waliosoma Sekondari ya Lusungo wakati ule wanakumbuka alivyowaaminisha kidato cha kwanza kizima kwamba maji ya bomba la bwenini humwinamia mtu mwenye moyo safi. Alifungua bomba kidogo, maji yakatoka membamba kama uzi. Akasugua kitana cha plastiki kwenye sweta lake, akakisogeza karibu, na maji, kwa heshima zote, yakapinda kumfuata. Watoto wakanyamaza kama wako kanisani. Kisha akawapa vitana vilivyolowa, nao maji hayakuwajali hata kidogo. Kabla kengele ya chakula haijalia, watatu walikuwa wameungama dhambi zao, mmoja akilia kwa ajili ya kuku wa bibi yake wa Mpuguso.

Mtu wa namna hiyo akisema kweli, kweli yenyewe huona aibu kutembea naye.

Na bado huyo huyo ndiye aliyekuwa kiranja wa maabara, mwenye ufunguo wa kabati. Aliyempa cheo hicho ni Mwalimu Andongwisye wa kemia. Walimu wenzake walipomuuliza kama ana akili timamu, alijibu, "Shamba la ndizi mpe nyani alinde. Nyani wengine wataona haya." Hosea aliona ametukanwa na kuheshimiwa kwa pamoja, na kuanzia siku hiyo hakupoteza hata kijiti cha kiberiti.

Lakini Mwalimu Andongwisye alikuwa ameondoka. Mambo yalikuwa yamefunguka, kila mtu anauza kitu, na mshahara wa ualimu ulikuwa umebaki wa kuombea radhi nyumbani. Mwisho wa mwaka aliagana na darasa, akafuta ubao mwenyewe, akaenda kusafirisha ndizi Dar es Salaam. Kemia ikaangukia kwa Madam Hellen, mwalimu wa baiolojia, mama mpole aliyekiri wazi kwamba anasoma usiku kile atakachofundisha asubuhi.

Muhula huo ndipo spiriti ya kabatini ilipoanza kupungua. Madam Hellen aliiona ikishuka wiki baada ya wiki, na bwenini palikuwa na tetesi za jiko la pampu linalowashwa kwa spiriti, na ndizi zinazopikwa wakati wa sala. Mkuu wa shule, Mwalimu Ambilikile, mtu mrefu aliyezaliwa Lufingo na ambaye koti lake lilikuwa na umri wa taifa, alisimama paredi akatangaza: tone lingine likipotea, aliyelipoteza atabeba sanduku lake aende kwao, mtihani wa taifa uwepo usiwepo.

Ndipo Madam Hellen akatega mtego. Alichukua mtungi wa kioo, akamimina humo maji chupa mbili kamili, akabandika plasta pale maji yalipofika, kisha akayamwaga. Baada ya hapo akamwita Hosea.

"Changanya chupa hii ya spiriti na chupa hiyo hiyo ya maji," alimwambia. "Nahitaji ya kuhifadhia vyura wangu. Chupa kwa chupa."

Hosea alichanganya. Alikuwa peke yake, ukungu wa Julai umejaa dirishani, vidole vimekufa ganzi. Alichanganya kwa uaminifu ambao ungemshangaza mama yake. Kitu kimoja tu alikiona na hakukitilia maanani: mtungi ulipata uvuguvugu, akaukumbatia kidogo ili vidole vifufuke.

Madam Hellen aliporudi, mchanganyiko ulikuwa chini ya plasta kwa upana wa kidole.

Kesi ilisikilizwa ofisini kwa mkuu. Ofisi hiyo ilikuwa na ramani ya Afrika, saa iliyosimama, na juu ya meza chupa ya chai yenye maua mekundu, iliyozibwa kwa kizibo cheusi cha mpira. Mtungi uliwekwa katikati ya meza kama marehemu.

"Chupa moja ya spiriti," mkuu alianza. "Na chupa moja ya maji. Jumla?"

"Mbili, mwalimu."

"Plasta hii ni alama ya chupa ngapi?"

"Mbili, mwalimu."

"Na hicho unachokiona humo?"

Hosea aliinama akatazama kwa makini. "Mbili kasoro, mwalimu."

"Kasoro hiyo iko wapi?"

"Mwalimu, hata mimi naitafuta."

Hilo halikuwa jibu la utani, lakini lilitoka kinywani mwa Hosea, kwa hiyo likageuka utani njiani. Mkuu alivua miwani.

"Ulimwaga?"

"Hapana, mwalimu."

"Ulimgawia mtu?"

"Hapana, mwalimu. Nilimimina yote. Nilikung'uta mpaka tone la mwisho."

"Kwa hiyo moja na moja, hapa Lusungo, siku hizi si mbili."

Hosea alimtazama Madam Hellen, naye akatazama mikono yake. Hakuwa na furaha ya mtu aliyenasa ndege.

"Kesho asubuhi," mkuu alisema, "utateremka Tukuyu ukapande gari la kwenu."

Kwao ni Masoko, karibu na ziwa. Mama yake alikuwa ameutangaza mtihani huo kwa majirani wote, kuanzia wanaochuma kahawa hadi wanaopita njia tu. Shambani alikuwa amechagua mkungu wa ndizi wa kuliwa siku matokeo yatakapotoka, ingawa mgomba wenyewe ulikuwa haujatoa hata ua. Hosea aliweza kuvumilia mboko, kulima bustani ya shule, hata kuimba mbele ya paredi. Lakini kumfafanulia mama yake neno "kasoro", hapana.

Bwenini alimkuta Naseeb amekaa kitandani. Naseeb ni mtoto wa mzee Fikirini mwenye duka pale Tukuyu, na vitanda vyao vilikuwa vimepakana tangu kidato cha kwanza.

"Wamekuua?" Naseeb aliuliza.

"Kesho asubuhi."

Naseeb alilibonyeza godoro la Hosea kwa kiganja. "Godoro lako utaniachia? Langu limebaki historia."

"Chukua. Na kitana."

"Kitana sitaki, kina laana ya watoto wa watu." Akashusha sauti. "Ndugu yangu, niambie mimi. Uliimimina wapi?"

"Kwenye mtungi."

"Yote?"

"Yote, Naseeb."

"Basi wewe umelogwa, maana hata mimi nusu yangu inakuamini na nusu inacheka."

Hosea alianza kufungasha. Sanduku la bati, madaftari, sweta la mtumba lenye jina la timu ya nchi asiyoijua. Mwisho akavuta blanketi lile la kijivu, linalonuka moshi na utoto. Alipolikunja, mkono wake ukasimama.

Blanketi hilo liliwahi kufundishia kemia.

Ilikuwa siku ya mvua, mwaka uliopita, mvua ile ya Tukuyu isiyo na mwanzo wala mwisho. Mwalimu Andongwisye alikuwa amefundisha kwa Kiingereza kama serikali inavyotaka, akaona macho ya darasa yamekufa, akaenda akafunga mlango. Kila alipofunga mlango walijua Kiswahili kinakuja, nao wakasogeza viti mbele.

"Nani analala na nduguye kitanda kimoja nyumbani?" aliuliza. Mikono yote ikapanda. "Hosea, nenda kalete blanketi lako. Kimbia."

Aliwalaza Hosea, Naseeb na mwenzao mmoja mwembamba aitwaye Jairo juu ya meza ndefu ya maabara, Hosea katikati, blanketi moja juu yao.

"Hii ni molekuli ya maji," alisema. "Hapa katikati ni oksijeni. Oksijeni ni mchoyo. Hosea, vuta."

Hosea alivuta. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Blanketi likajikusanya kwake, wenzake wakabaki miguu nje.

"Hao wawili ni hidrojeni. Blanketi ni elektroni. Hawajanyang'anywa kabisa, wameachiwa ncha tu. Kwa hiyo katikati pamejaa na pembeni pamepungua. Pale palipojaa kuna chaji hasi kidogo, pale palipopungua kuna chaji chanya kidogo. Sasa mwenye miguu nje usiku wa Julai hufanya nini?"

"Anaiba blanketi la jirani," Naseeb alisema kutoka mezani, meno yakigongana.

"Haibi. Anachomeka mguu tu." Mwalimu akacheka. "Hidrojeni wa huyu anachomeka mguu kwa oksijeni wa yule. Yule naye kwa mwingine. Maji yote ni bweni moja lililochomekana miguu. Ndiyo maana yanachelewa kuchemka: mpaka uwatoe miguu wote. Ndiyo maana tone linakaa duara juu ya jani la mgomba. Na ndiyo maana yanafuata kitana, kwa sababu yana upande uliojaa na upande uliopungua." Hapo alimtazama Hosea kwa jicho ambalo Hosea alilielewa vibaya, akadhani ni la pongezi.

"Mafuta ya taa je?" mtu aliuliza.

"Huko kila mmoja ana blanketi lake sawasawa. Hana shida na mtu. Ukimweka na maji wanakaa kama mkwe na baba mkwe wa huku kwetu, wanaokatazwa kuonana: mmoja akiingia mlango huu, mwingine anatorokea migombani."

Kisha akasema jambo ambalo darasa halikulisikia vizuri, kwa kuwa kengele ililia na mezani watu walikuwa wanapigana mateke. Aliinua chupa ya spiriti.

"Na huyu? Huyu ana mguu mmoja nje, na sehemu iliyobaki imefunikwa kama mafuta. Ni nusu ndugu. Akikutana na maji, watasogeleana. Siku moja mtaona ndugu wakisogeleana kitandani kinatokea nini."

Hawakuona. Mlango ulifunguliwa, mvua ikaingia, na wiki chache baadaye mwalimu alikuwa anahesabu mikungu.

Hosea alisimama na blanketi mkononi. Ndugu wakisogeleana kitandani kinatokea nini? Kila mtoto wa milima ya Rungwe anajua. Kitanda kinabaki na nafasi. Na watu wanapata joto.

Mtungi ulikuwa na uvuguvugu.

Alikimbia na blanketi begani, Naseeb nyuma yake akiuliza kama godoro bado ni lake.

Mkuu alikuwa bado ofisini na Madam Hellen, chai imemiminwa. Hosea alibisha hodi, akaingia, akahema.

"Mwalimu, naomba uchanganye mwenyewe."

"Nichanganye nini?"

"Spiriti na maji. Mimi nitasimama mlangoni. Nitafunga mikono nyuma. Naseeb atanishika."

"Nitamshika kweli, mwalimu," Naseeb alisema kutoka barazani.

Mkuu alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua noti ya bandia. Alikuwa na haki. Yule mtoto aliyelilia kuku wa bibi yake alikuwa amefika ofisini hapo hapo kuungama.

"Mkuu," Madam Hellen alisema taratibu, "kupima tena hakutupunguzii kitu. Mimi mwenyewe nilipima maji kwa maji. Spiriti sikuwahi kuipima."

Spiriti ya maabara haikutosha tena. Mkuu alitoka, akarudi na chupa yake ya nyumbani, ya kuwashia karabai, iliyonunuliwa juzi tu dukani kwa mzee Fikirini. Aliiweka mezani kwa uchungu wa mtu anayetoa beberu wa mahari. Madam Hellen alimwaga mchanganyiko wa mwanzo kwenye chombo kingine na kuufuta mtungi ukauke.

Mkuu alianza na maji chupa mbili. Yakagusa plasta sawasawa. Aliyamwaga, mtungi ukakaushwa tena. Kisha akaijaza spiriti chupa ile ile ya kupimia, akaimimina. Akaijaza maji, akaimimina. Alikoroga kwa kijiti cha kioo, polepole, kama anakoroga dawa ya mtoto.

Hosea alikuwa mlangoni. Hakutazama mtungi. Alitazama ramani ya Afrika, akaomba Mungu, kwa mara ya kwanza bila nia ya kuchekesha mtu.

Mkuu aliinama. Akavaa miwani. Akaangalia chini ya meza kama kuna kilichomwagika, akapitisha kiganja juu ya mbao. Pakavu. Akainua ile chupa, akaichungulia tundu.

"Madam Hellen, njoo utazame na wewe."

"Kidole kimoja, mkuu," Madam Hellen alisema. "Kama cha asubuhi."

Saa iliyosimama iliendelea kusimama.

"Mwalimu," Hosea alisema, "shika mtungi."

Mkuu aliuzungushia mtungi mikono yote miwili. Mikono hiyo ilikuwa imetoka kushika maji ya bomba la Julai, na kila aliyesoma Lusungo anajua bomba hilo. Uso wake ukabadilika.

"Una joto. Nani ameuweka motoni?"

"Hakuna mtu, mwalimu. Ni ndugu wamesogeleana." Na Hosea akaeleza. Alieleza habari ya blanketi na oksijeni mchoyo na miguu iliyo nje. Alieleza kwamba maji yakichomekana yenyewe kwa yenyewe huacha mianya kati yao, na spiriti ikija inajipenyeza kwenye mianya hiyo na kuchomeka mguu wake. "Hakuna tone lililopotea, mwalimu. Ukipima kwa mizani, uzito ni ule ule. Ila wamebanana, wakaacha nafasi kitandani. Na waliobanana hupata joto."

Alidhani ataulizwa swali. Mkuu alikuwa bado ameushika mtungi, na macho yake hayakuwa ofisini.

"Tulikuwa sita," alisema. "Kule Lufingo. Blanketi moja la baba, alilorudi nalo kutoka migodini. Kitanda cha mianzi. Kaka yetu mkubwa alipokwenda kuoa, mama alisema sasa mtajinafasi." Akaukumbatia mtungi. "Usiku ule hatukulala. Kitanda kilikuwa kikubwa na baridi."

Madam Hellen alitazama dirishani. Naseeb, barazani, alisahau kwamba anamshika Hosea, akamwachia mikono.

"Haya aliwafundisha nani?" mkuu aliuliza.

"Mwalimu Andongwisye."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Anasafirisha ndizi, mwalimu."

"Ndizi," mkuu alisema, kwa sauti ambayo watu huitumia wakiambiwa mgonjwa hakuamka. Halafu akakumbuka yeye ni nani, akakohoa, akaurudisha mtungi mezani.

"Vema. Kidole hiki kimesamehewa. Lakini spiriti ya kabatini imekuwa ikipungua tangu muhula uanze, bila kuchanganywa na kitu. Hiyo nayo ilikwenda kulala na nani?"

Hosea alikuwa na jibu, na jibu hilo lilimtia hofu kuliko mashtaka. Alikwenda maabara na Madam Hellen, wakarudi na chupa kubwa ya kabatini. Ilikuwa imezibwa kwa gunzi la mahindi. Gunzi lilikuwa limelowa, na harufu ya spiriti ikajaa ofisi nzima.

"Spiriti haikamatani kama maji, mwalimu," Hosea alisema kwa tahadhari kubwa. "Ina mguu mmoja tu wa kuchomeka. Ukiiachia mwanya, inaaga na kuondoka hewani. Gunzi lina matundu."

"Gunzi," mkuu alirudia kwa hasira iliyokuwa inapata mlengwa mpya. "Ni mjinga gani aliyeziba spiriti ya serikali kwa gunzi? Kizibo chake cha mpira kiko wapi?"

Madam Hellen akaona vumbi kwenye kiatu chake. Hosea alijitahidi. Historia imshuhudie kwamba alijitahidi. Aliitazama Afrika, akatazama saa, akatazama dari. Lakini macho yana uzito wake, na mwishowe yalishuka yenyewe yakatua juu ya meza, kwenye chupa ya chai yenye maua mekundu.

Mkuu aliyafuata macho hayo. Alikitazama kizibo cheusi. Kizibo kikamtazama.

"Ilikuwa kwa muda tu," alisema. "Cha kwangu kilianguka chooni."

Hakuna aliyecheka. Hosea anahesabu dakika hiyo kuwa kazi ngumu kuliko zote alizofanya shuleni.

Mkuu alichomoa kizibo, akakipangusa kwa kitambaa, akakididimiza kwenye chupa ya spiriti. Kisha akalichukua gunzi, akalinusa, akasita, akaliweka kando.

"Rudisha blanketi lako kitandani," alisema. "Na kesho baada ya vipindi utakwenda kulima bustani."

"Kwa kosa gani, mwalimu?"

"La kuku wa bibi wa Mpuguso."

"Ndaga fijo, mwalimu," Hosea alisema, na mkuu, kwa kusikia shukrani ya nyumbani kwao ikitolewa kwa adhabu, aligeukia ramani ili uso wake usionekane.

Muhula wote uliobaki, chupa ya chai ya mkuu ilizibwa kwa gunzi jipya la mahindi, na chai yake ilikuwa imepoa kabla paredi haijaisha. Waliokuwa pale wanasema mpaka leo wakisikia harufu ya gunzi lililolowa wanaona ukungu, na koti lile refu, na mtu anayekunywa chai ya baridi kwa heshima zote.

Jioni ile Hosea alirudi bwenini akakuta kitanda chake ni waya tupu. Godoro lake lilikuwa kitandani kwa Naseeb, na Naseeb mwenyewe, aliyetangulia kukimbia kutoka barazani, alikuwa amelala juu yake, amefumba macho kama maiti ya Kiislamu.

"Sikufukuzwa," Hosea alisema.

"Nimesikia. Hongera. Godoro lilikuwa la urithi, haliwezi kurudi."

"Naseeb."

"Mrithi amelala."

Nje mvua ilikuwa imeanza. Kwenye bati ilisikika kama watu wengi wanaosogeza viti mbele. Hosea alilitupa blanketi la kijivu juu ya la Naseeb, akavua viatu, akapanda.

"Sogea," alisema.

Naseeb akasogea.